Boriti ya Saba

Fundi Makame,

Ile boriti iliyokuwa juu ya kitanda chako nimeitoa. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke na maneno, ulikuwa ukiniambia, "Sema, Mussa, mbao haingoji hotuba." Tuliitoa Jumamosi, mimi na mafundi wawili, tukaiteremsha kwa kamba mpaka ukumbini. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye ngazi, kanga kichwani, akiitazama ikishuka kama anayetazama jeneza likitolewa ndani. Hakulia. Niliyelia ni mimi, lakini chokaa ilikuwa imetimka nyumba nzima, nikasingizia vumbi.

Salamu nilikutolea Mkokotoni Alkhamisi iliyopita, juu ya kaburi lako, pamoja na Yasini moja niliyoisoma kwa kukwamakwama kama kawaida yangu. Lakini pale walikuwepo wapwa zako na jamaa wa Tumbatu, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema mbele ya watu. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Siku hizi napima mbao kwa mashine. Najua, cheka. Ni kijisanduku kisichozidi sahani ya halua, kina waya mbili, na kila waya ina msumari wake. Mwenyewe anaitwa Ilham, mhandisi, msichana wa miwani anayesomesha chuoni Tunguu. Nyumba kongwe za mjini zinakaguliwa kabla ya kutengenezwa, na yeye alitaka mtu anayejua vichwa vya boriti vimejificha wapi ndani ya kuta. Wakamwambia, mtafute Mussa wa Fundi Makame. Mpaka leo hilo ndilo jina langu mjini, na sina nia ya kulibadilisha.

Kazi yenyewe iko hivi. Msumari mmoja unauchomeka kidogo huku, mwingine kule, unagonga kwa kinyundo, sauti inapita ndani ya ubao, na kijisanduku kinahesabu imechukua muda gani kufika. Hukati, hutoboi, humbomolei mtu dari yake. Ubao mzima, sauti inafika upesi. Ubao uliooza ndani, sauti inauzunguka uozo, inachelewa, kama mtu anayekatiza sokoni Darajani siku ya kuamkia Idi: atafika, lakini si sasa hivi.

Aliponieleza niliona uchungu. Kwani hicho si ndicho ulichokuwa ukifanya wewe miaka yote? Unaulaza ubao juu ya magogo mawili, unachukua kile kinyundo chako chenye mpini wa mpera, unagonga kichwa kimoja mara tatu, halafu unainama na kuweka sikio kwenye kichwa cha pili. Unafumba macho. Ukiinuka ni neno moja tu: "Hai." Ukishasema hivyo unachukua patasi unautia alama, mikato mitatu midogo. Au unasema, "Maiti huyu, usimpandishe juu ya watu," na ubao ule unakwenda kuwa kuni hata kama kwa macho unang'aa. Nilimsimulia Ilham. Akasema, "Basi Fundi wako alikuwa mashine." Nikamnunia siku nzima. Mashine haijapata kunikaripia.

Sasa nifike pale ambapo mimi na wewe hatukupafikia uhai wako wote.

Wewe ulikuwa mtu wa "Naam". Akuite mtoto, akuite tajiri, akuite mkeo Bi Tatu kutoka juu na wewe uko chini msumeno unalia, "Naam!" Halafu nikaanza kuona unaitwa na huitiki. Mara ya kwanza nilidhani umekasirika. Mara ya pili muuza kahawa alikuita mara nne, kikombe mkononi, mpaka akakugusa bega ukashtuka. Baada ya hapo ndipo ulipoanza kuniambia, "Njoo weka sikio wewe, nambie wasikia nini." Nilifurahi mimi mjinga! Nikajiona nimehitimu. Wewe unagonga huku, mimi nimepiga magoti kule, nainua kichwa nasema "Hai" au natikisa, na wewe unatia alama au unaacha. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kuwa hunifundishi tena, unaniuliza.

Hukusema, na mimi sikusema. Ningesemaje? Mji mzima ulikujua kwa sikio lako. Tukawa watu wawili wenye sikio moja, na sikio lenyewe liko kichwani kwangu. Nilijua nimebeba amana, Fundi. Usije ukafikiri sikujua.

Waikumbuka ile Ramadhani, kwenye bohari la mbao la Malindi hapa mjini. Tulikuwa tunachagua boriti nane za mvule zilizopasuliwa, za dari ya nyumba ya Mchangani, ya yule bwana muuza vitambaa. Asubuhi yake ulikuwa umenikaripia mbele ya wachukuzi kwa sababu ya mlango niliouranda vibaya. Ukasema, "Mkono wako huo, Mussa, ungefaa kukunia nazi." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na saumu zao. Mimi unanijua, nikinuna nimenuna. Nilishinda nimevimba, natunga majibu ambayo ningekupa na sikukupa.

Ilipofika Alasiri jua bado kali, koo limekauka. Boriti sita nilizisikiliza sawasawa, hizo naapa. Kwenye ya saba nilipiga magoti lakini sikuweka sikio. Uso wangu uliuelekea ubao, macho yangu yako kwenye fundo moja la mti lililokuwa karibu na kichwa chake, dogo, mfano wa kokwa ya tende, na akili yangu iko kwenye nazi. Ukagonga mara tatu. Sikusikia kitu, kwa sababu sikuwa nasikiliza. Nikainuka nikasema, "Hai."

Ukanitazama. Ukauliza, "Hai?"

Nikasema, "HAI, FUNDI!" Nilipaza sauti. Si ili usikie, maana midomo yangu ulikuwa ukiisoma vizuri. Nilipaza ili wachukuzi waone kuwa Fundi Makame anapaziwa sauti. Mmoja wao akageuka, nami nikaona raha. Ubao naweza kuutafutia udhuru, njaa, kiu, ujana. Ile sauti sina udhuru wake.

Wewe ukanituma tende za futari. Kesho yake asubuhi ukanipeleka Kendwa kutia milango ya hoteli, nikakaa huko mpaka Idi ikapita, na niliporudi dari ya Mchangani ilikuwa imeshafungwa. Hukunikaripia tena tangu siku hiyo. Nilidhani umezeeka.

Miaka yote iliyofuata nilikuwa nikipita Mchangani nikitazama madirisha ya juu ya nyumba ile. Walipomwoza binti yao, wanawake walijaa juu wanacheza, sakafu inavuma, na mimi nimekaa chini na wanaume, sinia la pilau mbele yangu, nahesabu boriti. Moja, mbili, tatu, mpaka ya saba. Nikaacha kula. Uliniuliza kama naumwa, nikasema nimeshiba.

Halafu ukafa. Ulilala baada ya Adhuhuri, ukasema unanyoosha mgongo tu, na Bi Tatu alipokuja kukuamsha kwa Alasiri hukuitika. Mazishini walileta viunza, zile mbao za kukufunika kaburini, wakanipa mimi nizipange kwa kuwa mimi ndiye seremala. Nilizigonga, Fundi. Moja moja, mara tatu, na nikaweka sikio, watu wamesimama wananitazama na udongo mikononi. Mmoja nikaukataa, wakaleta mwingine. Shehe alitaka kusema neno, akaacha. Hizo nilizisikiliza.

Ilham alipokuja na kijisanduku chake, nyumba ya kwanza niliyompeleka ni ile ya Mchangani. Nilimwambia ni nyumba nzuri ya kuanzia. Tulizipima zote nane na zote zikatoka salama, na ya saba ndiyo iliyopitisha sauti upesi kuliko wenzake. Nilikaa kwenye ngazi za watu nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikasema moyoni, kumbe sikio langu husikia hata likinuna! Niliona kuwa boriti ile ina rangi nyingine, nyekundu kidogo, si ya mvule. Niliiona kwa macho yangu. Nikajiambia ni moshi wa udi.

Wakati huo Bi Tatu alikuwa kwenye eda yako. Mpwa wake Mwanakhamis, anayekaa naye, akaja karakana siku moja akaniambia, "Kaka Mussa, bi mkubwa asema amsikia mzee agonga darini. Kila siku, mara tatu, jua likizama." Nikamwambia, "Mwambie asome Yasini." Akaja tena baada ya wiki: "Asema uje usikilize." Nikamjibu kuwa mwanamke yumo edani, mimi si maharimu yake, siingii chumbani kwake, angoje eda iishe. Nilisema kwa sauti ya mtu wa dini, mimi ninayekwama kwenye Yasini. Dharura ina mlango wake, na Mwanakhamis angesimama nami. Nilijificha nyuma ya eda yake. Sikutaka kupanda juu nikaona kitanda chako kitupu, basi. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani ya chumba kile, na mashine ilikuwa mikononi mwangu.

Eda ilipoisha, siku ya pili tu akaniita. Nikampigia shikamoo. "Marahaba," akasema, "umechelewa, mwanangu." Nikapanda na Ilham na Mwanakhamis. Mimi chumba chenu sijapata kukiingia maisha yangu yote. Nikainua macho: boriti za mikoko za tangu enzi ya babu zako, nyembamba, zimegeuka kijivu kwa miaka, na katikati yake, juu ya kitanda, boriti moja ya mvule ya kupasuliwa. Nikamulika tochi kutafuta mikato mitatu. Hakuna. Nikamulika tena kwenye kichwa chake, nikaliona lile fundo, kokwa ya tende.

Bi Tatu akasema, kama anayemwonyesha mgeni kiti, "Ndiyo hiyo boriti ya Mussa."

Nikamwuliza ni nani aliyeiita hivyo. "Makame," akasema. "Alikuja nayo siku ile ile unakwenda Kendwa. Kule Mchangani katia nyengine. Nikamwuliza, boriti ya nani hii? Akanambia, ya Mussa. Siku moyo wake ukitulia atakuja mwenyewe kuisikiliza."

Ilham alikuwa ameshafunga waya. Mimi ndiye niliyegonga. Nilirudia mara tatu, kwa kuwa sikutaka kuamini, na mara zote sauti ilichelewa. Tukasogeza misumari kidogo kidogo mpaka tukajua: nusu ya upande wa uani nzima, nusu ya upande wa njiani maiti. Ilham akanieleza kwa upole kuwa jua likizama dari hupoa, na boriti iliyochoka ikiwa na mzigo hukatika nyuzi zake ndani, moja moja, na hiyo ndiyo sauti. Nikamwuliza, "Mara tatu? Kila siku?" Akavua miwani akaifuta.

Nikamwambia Bi Tatu ahame chumba siku hiyo hiyo. Akakataa. Akasema, "Nikitoka humu atanigongea nani?" Na hapo ndipo nilipoona mto wake uko upande gani. Tangu ulipokufa alikuwa amehamia upande wako wa kitanda, chini ya boriti hasa, ili asikie vizuri.

Basi nikamwambia. "Bi Tatu, huyo si yeye. Ni mimi." Nikamweleza yote, bohari, nazi, na ile sauti niliyoipaza. Ilham na Mwanakhamis wamesimama hapo hapo na sikujali. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema, "Alijua. Masikio ndiyo yaliyokufa, macho yake hayakuwa na kitu. Alikuona hukuinama."

Nikamwuliza mbona basi hukuichoma moto, mbona hukunikaripia, na zaidi ya yote mbona uliipandisha juu ya kitanda chako. Akajibu kuwa alikuuliza hayo hayo. Ukamwambia, "Boriti usoijua huiweki juu ya kichwa cha mwenzio."

Na Bi Tatu je, Fundi? Yeye kichwa chake si kichwa? Nimekasirika na wewe, na nakwambia hivyo hivyo ulivyo kaburini. Ungenipiga makofi Malindi pale pale, mbele ya wachukuzi, ningekuelewa. Badala yake ukalala chini yake miaka, kila siku unaitazama, unaningoja nije, na mimi naja mpaka ukumbini kwako, nakunywa kahawa, natoa habari za mjini, naondoka. Ulitaka niipande ngazi mwenyewe. Ungenambia neno moja tu, Fundi! Lakini kuniambia ilikuwa ni kusema kuwa husikii, na hilo hukuliweza, na mimi ndiye niliyekufunga kinywa kwa ile sauti yangu.

Mwisho Bi Tatu akakubali. "Haya, itoeni. Lakini leo ngojeni jua lizame." Tukakaa sote wanne, wengine mkekani, mimi mlangoni. Adhana ya Magharibi haijamalizika, ikagonga. Moja. Mbili. Tatu. Mwanakhamis alinishika mkono bila kujua amenishika. Bi Tatu akainua uso darini akasema taratibu, "Haya, Makame. Kashasikia."

Usiku ule akalala chumba cha mbele, na Jumamosi tukaitoa.

Kichwa kilichokuwa ndani ya ukuta kilimegeka mkononi kama kileja. Lakini ukuta ule wa njiani unavuja, umekuwa ukivuja masika baada ya masika, na Ilham anasema pengine uozo umeingia baadaye. Nikamwuliza kama mashine yake inaweza kunambia siku ile Malindi ubao ulikuwaje. Akasema mashine inajua leo tu. Kwa hiyo sitajua, Fundi. Pengine ilikuwa hai na nilisema kweli kwa bahati. Pengine ilikuwa imeshaanza kufa, na ningeinama kidogo tu ningesikia. Hili ndilo linaloniamsha, na ukinitazama leo utaona nimekonda.

Mahali pake nimetia boriti mpya. Niliigonga kwa kinyundo chako, nikaisikiliza kwa sikio, halafu nikaipima kwa mashine, na vyote viwili vikasema neno moja. Nikaitia mikato mitatu. Chumba ni salama sasa, hata wakicheza harusi juu yake. Bi Tatu amerudi kulala humo, upande wako. Jana nilimpitia nikamwuliza hali. "Kimya, mwanangu," akasema, na akanipa kahawa, na hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Nimemwondolea hatari na nimemwondolea mume, kwa siku moja.

Ile nusu nzima sikuweza kuichoma. Nimeileta karakana, imelala juu ya magogo mawili, kivulini. Haina mzigo tena, haina dari, hakuna kinachoikandamiza. Siku ya tatu nilikuwa nafunga milango, adhana inaanza, ikagonga. Nilisimama na kufuli mkononi mpaka nikazihesabu zote tatu. Ilham ataniambia ni mti unapoa, na huenda ni kweli. Sijamwambia, wala sina nia.

Nakuahidi jambo moja, nalo ni dogo. Kila ubao utakaopita mikononi mwangu nitauwekea sikio kwanza, ndipo niulete kwa mashine. Na siku akili yangu ikiwa kwenye nazi, mtu akaniuliza nimesikia nini, nitasema lile neno nililotakiwa kukwambia siku ile, mbele ya wachukuzi wote, wala lisingenipunguzia kitu: Sikusikia, Fundi, gonga tena.

Bi Tatu nitampitia kila Alkhamisi nikitoka Mkokotoni. Allah akupanulie kaburi lako, na vile viunza vikudumie. Vile ni hai, nilivisikia.

Jua limeshagusa mapaa. Nimeacha mlango wazi, nimekaa chini karibu na ile nusu ya boriti, naandika karatasi iko juu ya goti na sikio liko juu ya ubao. Sijanuna. Gonga, Fundi.

Naam.

Mussa wako